Mhandisi wa programu anaporudi kutoka likizo ya uzazi

Kampuni za teknolojia hupenda kutangaza idadi ya wanawake zilizowaajiri. Mimi huuliza wangapi bado wapo kazini mwaka mmoja baada ya kujifungua, maana hapo ndipo haki inapopimwa, na mara nyingi huharibiwa na taratibu ndogondogo za timu ambazo hakuna aliyezikagua.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Naye hutoa taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Kiongozi wa timu aitumie miezi hiyo. Mwezi wa kwanza, andikeni kila mfumo ambao mhandisi huyo peke yake ndiye anayeuelewa. Wa pili, anayemshikia nafasi aifanye kazi, mwenyewe akiangalia. Wa tatu, mwenyewe aulizwe tu. Makabidhiano yakiachwa hadi wiki ya mwisho, simu zitamfuata wodini.

Zamu za dharura, yaani kukaa tayari kuitwa mfumo ukiharibika, zinahitaji jicho kali zaidi. Sheria hiyohiyo inazuia kazi za usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, katika miezi 2 kabla ya kujifungua na miezi 2 baada yake. Kuamka saa 9 usiku kufufua seva ni kazi ya usiku hata kama unaifanyia kitandani. Tatizo ni kwamba ratiba hujizungusha yenyewe kwenye programu, na jina lake hubaki humo mpaka mtu alitoe kwa mkono. Likitolewa, posho nayo isipotee kimyakimya: mpeni zamu za mchana za wikendi zenye posho ileile, ikiwa anazitaka.

Lakini panapoumiza kuliko pote ni tathmini. Chukua nusu mwaka yenye wiki 26, na lengo la kukamilisha kazi 10. Aliyekuwa likizo wiki 12 amebakiwa na wiki 14, kwa hiyo lengo lake la haki ni takriban kazi 5. Akimaliza 6, amevuka lengo. Meneja anayelinganisha 6 na 10 atampa alama ya chini, alama hiyo itamnyima nyongeza ya mshahara, na mshahara huo mdogo ndio utakaokuwa msingi wa nyongeza zote zinazofuata. Ndiyo maana hesabu ya wiki iandikwe kwenye fomu yenyewe kabla ya kikao cha kupanga alama. Ikiachwa kwenye kumbukumbu ya meneja, itasahaulika. Angalieni pia kama mradi aliouanzisha umekamilishwa na mwingine: sifa zigawanywe kwa kazi iliyofanyika, kwani jina lililo kwenye uzinduzi si lazima liwe la aliyejenga.

Akaunti ni jambo jepesi, ila hukera. Mifumo mingi hufunga akaunti zisizotumika kwa muda. Ruhusa za hazina ya msimbo (mahali timu inapohifadhi programu inazoandika), seva na barua pepe zikaguliwe wiki moja kabla hajarudi, asije akatumia siku zake za kwanza kuomba nywila.

Halafu maziwa. Tanzania inaruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba chenye mahali pa kunawa mikono, friji, soketi ya umeme, meza ndogo na viti vya starehe, na kisiwe chooni. Mimi huongeza kufuli la ndani. Friji si anasa: maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama takriban saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar es Salaam huvuka kiwango hicho kwa urahisi.

Hata chumba kizuri hakitoshi ratiba ikikinyima mtumiaji. Muda wa kukamua uzuiwe kwenye kalenda ya timu, na anayeitisha vikao autii. Mama anayeruka kukamua mara kwa mara matiti humjaa na kuuma, na maziwa huanza kupungua.