Kuku akiacha kutaga usikimbilie dawa wala kisu

Swali tunaloulizwa sana sisi wataalamu wa mifugo ni hili, "kuku wangu wamegoma kutaga, niwape dawa gani?" Ukiuliza umri unaambiwa mwaka na nusu, miaka miwili, na manyoya yametapakaa banda zima. Jamani hapo hakuna ugonjwa, kuku anabadili manyoya, na manyoya karibu yote ni protini kwahiyo mwili unaacha mayai kwanza uoteshe manyoya, inachukua kama wiki 8 hadi 12 hivi halafu anarudi kazini. Muongezee protini, antibayotiki za kubahatisha achana nazo kabisa.

Kuku wa mayai anaanza kutaga kwenye wiki ya 18 hadi 22, mwaka wa kwanza ndo wenyewe, baada ya hapo idadi inashuka mwaka hadi mwaka. Ila mayai yanakua makubwa! Na hapo ndo penye shida maana kalisiamu anayoweka kwenye ganda ni ileile, kama gramu 2 tu, sasa ikitandazwa kwenye yai kubwa ganda linakuwa jepesi, mengine yanapasukia kwenye kiota. Ganda linajengwa zaidi usiku na akipungukiwa anachota kwenye mifupa yake mwenyewe, kwahiyo jioni muwekee maganda ya konokono yaliyopondwa kwenye chombo cha peke yake, atadonoa anachohitaji.

Halafu kuna mwanga, kuku anataka saa 14 hadi 16 kwa siku ili atage vizuri, ndo maana nchi za baridi siku zikifupika mayai yalikuwa yanaadimika, watu walikula mayai kwa msimu kama matunda, yakijaa wanayatunza kwenye maji ya chokaa. Mfanyabiashara awashe taa sawa, lakini kama ni mayai ya nyumbani mimi ningewaacha wapumzike.

Kabla ya kuchinja pima kwanza mifupa ya nyonga pale chini ya mkia, kwa anayetaga vinapita vidole 2 hadi 3 na upanga wake wa kichwani ni mwekundu, aliyeacha hata kidole kimoja hakipiti. Unayembakiza mshushie kijiti cha kulalia, miguu imechoka. Unayemchinja usimkaange, mchemshe moto mdogo masaa kadhaa, na kama alipewa dawa siku za karibuni subiri kwanza siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe.