Mgeni njoo, mwenyeji apone: lakini askari atalipwa na nani?

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya taifa kubwa kuingilia kijeshi nchi yenye machafuko, naanza na karatasi tupu. Nawaambia wanafunzi: ndege zenu zimeshinda, dikteta amekimbia, televisheni zimeonyesha sanamu ikiangushwa. Sasa niandikieni, siku ya 31, kwenye kituo cha polisi cha mji ule, mezani amekaa nani na mshahara wake unatoka wapi? Waliokuwa wanamwaga hoja za haki za binadamu dakika tano zilizopita huanza kutafuna kalamu.

Siwaulizi kwa kuwakomoa. Mijadala yetu huishia kwenye mambo mawili: je, taifa hilo lina haki ya kuingia, na je, lina ubavu wa kushinda? La ubavu silipotezei muda, kwa sababu mwenye manowari za kubeba ndege hushinda wiki za mwanzo karibu kila mara. La haki lina majibu yake ya kisheria. Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inakataza kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine. Milango iliyobaki ni kujilinda, au idhini ya Baraza la Usalama. Mwaka 2005 viongozi wa dunia walikubaliana juu ya wajibu wa kulinda raia dhidi ya mauaji ya kimbari na maovu mengine ya aina hiyo, lakini hatua ya kijeshi bado inapitia Baraza hilohilo, na mmoja tu kati ya watano wenye kura ya turufu anatosha kuizima.

Tuje kwenye mshahara. Baghdad ilianguka Aprili 2003, wiki tatu tu tangu majeshi ya Marekani na washirika wake yavuke mpaka. Tarehe 23 Mei, Paul Bremer, mkuu wa utawala wa muda, akatoa Amri Namba 2 ya kulivunja jeshi la Iraq. Ana utetezi, na si wa kupuuzwa: askari walikuwa wameshatawanyika na kambi zimeporwa. Lakini mtu aliyekwenda kwao akisubiri kuitwa si sawa na mtu aliyeambiwa asirudi tena. Mamia ya maelfu ya wanaume waliofundishwa silaha wakajikuta hawana kazi wala pensheni. Tarehe 18 Juni kundi lao liliandamana mbele ya lango la makao makuu ya utawala huo; wanajeshi wa Marekani wakafyatua risasi na waandamanaji wawili wakafa. Siku chache baadaye ikatangazwa kwamba askari wa zamani watalipwa posho. Amri ikatangulia, risasi zikafuata, posho ikaja mwisho. Sisemi kwamba uasi uliofuata dhidi ya Wamarekani usingetokea. Nasema waasi waliokota mafundi ambao mtu mwingine alikuwa amewatupa nje.

Libya ilinifundisha kwamba hata kulipa kunaweza kuharibu. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, Machi 2011, lilipita kwa kura 10, bila ya kupinga. Urusi, China, Ujerumani, India na Brazil zilijizuia. Liliruhusu hatua zote zinazohitajika kulinda raia, likakataza jeshi la kigeni kuikalia nchi. Gaddafi aliuawa Sirte tarehe 20 Oktoba, na NATO ikafunga operesheni yake mwisho wa mwezi huohuo. Siku kumi na moja! Serikali mpya, isiyo na jeshi la kuitii, ikaanza kuwalipa wapiganaji wa mapinduzi kupitia vikosi vyao wenyewe. Majina yaliyoandikishwa yakazidi kwa mbali idadi ya watu waliopigana kweli. Kamanda wa mtaa ndiye aliyekuwa anagawa fedha, kwa hiyo kamanda wa mtaa ndiye aliyetiiwa. Kufikia 2014 nchi ilikuwa na serikali mbili. Miaka mitano baada ya mashambulizi, Obama alikiri kwamba kosa lake kubwa huenda lilikuwa kutopanga siku ya baadaye.

Linganisha na Sierra Leone, iliyokuwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mei 2000 Brigedia David Richards wa jeshi la Uingereza alipelekwa Freetown kuwaondoa Waingereza na wageni wengine waliokwama, basi. Askari wake wa miavuli wakashika uwanja wa ndege wa Lungi, na yeye, badala ya kufungasha, akabaki. Watu hupenda kusimulia uokoaji wa mateka wa Septemba, ule wa helikopta na wanamgambo wa West Side Boys. Mimi hunivutia zaidi kazi isiyopigwa picha: Waingereza kukaa kambini miaka na miaka wakilijenga upya jeshi la nchi, huku kikosi cha Umoja wa Mataifa kikikusanya silaha za wapiganaji zaidi ya 70,000. Januari 2002 vita vikatangazwa kwisha. Ni nchi ndogo, sawa. Ila pia kulikuwa na rais aliyechaguliwa, Ahmad Tejan Kabbah, aliyewataka waje. Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Freetown mwenyeji alikuwepo. Tripoli mgeni ndiye aliyemwondoa, na mwingine hakupatikana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama taifa kubwa haliwezi kumtaja atakayeshika mji na atakayemlipa, lisiingie, hata kama dikteta ni mbaya kiasi gani.

Halafu naikumbuka Rwanda, na kipimo changu kinanipiga chenga. Oktoba 1993 Marekani ilipoteza wanajeshi 18 Mogadishu, na tangu hapo Washington haikutaka kusikia habari ya kupeleka askari Afrika. Aprili 1994, mauaji yakiwa yameshaanza, Jenerali Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini humo, aliomba aongezewe nguvu; Baraza la Usalama likapitisha Azimio 912 na kukipunguza kikosi chake hadi watu wapatao 270. Mtu angeniomba askari wakati ule, nami nikamuuliza nani atalipa mishahara ya polisi wa Kigali mwezi wa sita, ningekuwa namchelewesha tu. Kuna saa ambayo kuuliza maswali mazuri ni namna ya kukataa.

Kwa sababu hiyo karatasi ya darasani siku hizi ina swali la pili, nimeliweka juu ya lile la zamani: nani atakufa wiki hii tusipokwenda? Wanafunzi hulijaza haraka, na mara nyingi wako sahihi. Wakimaliza nawaomba wageuze karatasi, warudi kwenye kile kituo cha polisi.