Una XXY na unauziwa sindano ya seli shina? Soma hii kwanza

Mimi kazi yangu ni uzazi wa wanaume, na siku hizi swali ninaloulizwa kuliko yote linatoka kwa wanaume wenye XXY: dokta, nimeona kuna sindano ya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) inarudisha mbegu, nikachome? Kwa sasa jibu langu ni hapana. Ila utafiti wenyewe upo, tena ni mtamu, shida ni kwamba unachouziwa sicho kilichofanyika maabara.

Mwanaume kwa kawaida ana kromosomu (vifurushi vya vinasaba ndani ya seli) X moja na Y moja, mwenye XXY kazaliwa na X ya ziada. Hali hii inaitwa Klinefelter, kwa jina la daktari Harry Klinefelter aliyeielezea 1942, ingawa hiyo X yenyewe ilikuja kuonekana 1959. Sio ya nadra kama watu wanavyodhani, ni kama mwanaume mmoja kwenye 600 hivi, wengi hawajijui mpaka waoe, mtoto haji, wanapima manii majibu yanarudi sifuri. Seli mama za mbegu zinaanza kupungua mtoto akiwa bado tumboni, balehe ikiingia ndo zinakwisha kwa kasi na vimirija vya ndani ya korodani vinajaa makovu.

Sasa hizo sindano. Wanakutoa seli kwenye uboho au kwenye mafuta ya tumbo, wanazichakata, wanakurudishia kwenye korodani. Jiulize tu, seli zako si zina XXY ileile? Na seli za aina hiyo hazijathibitishwa kugeuka mbegu ndani ya mwili wa binadamu, kwahiyo unalipia matumaini.

Kilichofanyika kweli ni hiki. Mwaka 2017 timu ya mtafiti James Turner pale Francis Crick Institute, taasisi ya utafiti London, ilichukua seli za panya wenye XXY ikazirudisha kwenye hali ya uchanga kabisa, ile mbinu iliyompa mwanasayansi wa Japani Shinya Yamanaka tuzo ya Nobel 2012, na katika kurudishwa huko baadhi ya seli zikaidondosha kromosomu ya ziada zenyewe, hakuna aliyeikata, zikabaki XY safi. Zikakuzwa kuelekea seli za mbegu, zikapandikizwa kwenye korodani za panya, mbegu zikapatikana na watoto wakazaliwa! Nikisoma ile kazi bado nashangaa. Ila baadhi ya panya waliopandikizwa walipata uvimbe wa seli zinazokua ovyo, na hiyo peke yake inatosha kumzuia daktari mwenye akili kumjaribishia mgonjwa wake. Halafu kuna korodani yenyewe, ukipanda seli zenye afya kwenye vimirija vilivyojaa makovu zitalelewa na nani?

Cha kufurahisha, mwili nao una ujanja kama huohuo. Kwa baadhi ya wanaume wenye XXY kuna visehemu vidogo sana ndani ya korodani ambako seli chache zimepoteza ile X ya ziada, na inaonekana hizo ndo zinaendelea kutengeneza mbegu kimyakimya hata kama kwenye manii hakuna kitu. Ndo maana kuna upasuaji wa kutafuta mbegu kwa darubini ndani ya korodani, na karibu nusu ya wanaofanyiwa wanapatikana na mbegu, kisha mbegu moja inaingizwa kwenye yai la mke maabara. Watoto wanaozaliwa hivyo wengi mno kromosomu zao ziko kawaida. Sio rahisi na sio wote wanafanikiwa, lakini hii ipo leo.

Kitu kimoja watu wanakosea: testosteroni. Wengi wenye XXY wanaihitaji kweli, kwa nguvu, mifupa, hamu ya tendo, ila ukipewa kutoka nje ubongo unaacha kuziamrisha korodani, na hata kale kambegu kadogo kaliokuwepo kanaweza kusimama. Kama unataka mtoto mwambie daktari KABLA hujaanza, na kama ulishaanza usiache kienyeji, kaeni mpange, kuna dawa nyingine za kuzichochea korodani kabla ya upasuaji.