Je, wajua kwa nini mwalimu aliyesifiwa wa fizikia aliacha kuhadhiri?

Waulize abiria wanaosubiri kivuko cha Kamanga jijini Mwanza swali hili: kivuko kikiugonga mtumbwi wa mvuvi, ni chombo kipi kinachopata kani kubwa zaidi, yaani nguvu ya kusukumwa? Yaelekea wengi watautaja mtumbwi, na hata mwanafunzi aliyeikariri kanuni ya tatu ya Newton bila kukosea neno anaweza kuutaja pia.

Swali la namna hiyo, la lori na gari dogo, ndilo lililobadili kazi ya Eric Mazur, Mholanzi aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1954 na kupata shahada ya uzamivu Leiden mwaka 1981, kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Wanafunzi wake waliokuwa wakijiandaa kusomea udaktari wa tiba walimsifu kwa mihadhara yake, na kwa kuwa walifaulu hata mitihani migumu, hakuwa na sababu ya kujitilia shaka. Mwaka 1990 alisoma makala za mwanafizikia David Hestenes zilizoonyesha kwamba wanafunzi wengi humaliza kozi ya fizikia na dhana zile zile walizoingia nazo. Aliwapa wake jaribio la Hestenes la kupima dhana hizo, ndipo mmoja akamuuliza ajibu vipi: kama walivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe siku zote? Kumbe mwanafunzi huyo alikuwa na fizikia mbili kichwani, moja ya mtihani na nyingine ya maisha, na mhadhara ulikuwa umeigusa ile ya kwanza tu.

Ndipo Mazur akaanza kufundisha kwa maswali. Anauliza swali fupi la dhana, kila mmoja anafikiri peke yake na kuchagua jibu, kisha kila mwanafunzi anamtafuta jirani mwenye jibu tofauti, wanabishana kwa dakika chache, na wote wanachagua upya kabla mwalimu hajaeleza. Siri, kwa maoni yangu, ipo kwa jirani: aliyeelewa jambo dakika tano zilizopita bado anakumbuka lilipomkwamisha, ilhali profesa alikwisha kusahau miaka mingi iliyopita. Katika jaribio la Hestenes, maendeleo ya wanafunzi wake yaliongezeka karibu mara mbili. Mwaka 2014 alitunukiwa Tuzo ya Minerva ya kuendeleza elimu ya juu, yenye dola 500,000.

Njia hii haidai vifaa vya gharama. Darasa lililojaa watu hapa Mwanza linaweza kujibu kwa kunyoosha vidole, kimoja kwa kivuko, viwili kwa mtumbwi, vitatu kwa kusema kani ni sawa. Wa vidole vitatu ndio waliopatia, kwani kanuni ya tatu ya Newton inasema vitu viwili vikigongana hupeana kani sawa, lakini wasisifiwe kwanza. Wapewe nafasi ya kumweleza jirani kwamba kani ile ile, ikiangukia chombo chepesi, hubadilisha mwendo wake zaidi, na ndiyo maana mtumbwi hurushwa kando huku kivuko kikiendelea na safari kana kwamba hakikugusa kitu.