Maskini ni wa msikiti na kanisa peke yake?

Kuanzia Manzese hadi Mbagala, jijini Dar es Salaam, wengi huamini kumsaidia maskini ni kazi ya msikiti na kanisa, serikali haihusiki. Inaeleweka: futari na sadaka mtu huziona kwa macho.

Lakini tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo, si sadaka. Bibi mgonjwa asiye na nguvu ya biashara haumfai, na kwake naona sadaka ya jirani bado inahitajika sana.

Ukitaka kuhakikisha, soma ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa, kisha muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.