Harufu ya moshi kwenye kifaa cha mtumba: itoe, usiifunike

Mtu ananunua kompyuta iliyokwisha kutumika, anaikagua, haioni kasoro. Anafika nyumbani, anaiwasha, na baada ya nusu saa chumba kizima kinanuka sigara. Anadhani kadanganywa. Kumbe harufu ilikuwemo tangu mwanzo, ila mashine ilikuwa baridi. Masalia ya moshi yaliyoganda ndani yakipata joto huanza kutoa mvuke, na mvuke huo ndio unaoifikia pua.

Ndiyo maana hatushauri marashi. Moshi wa tumbaku una lami na nikotini, na mchanganyiko huo hunata. Feni ya kompyuta huvuta hewa ya chumba kutwa kucha, na kilichomo hewani hugandia kwenye mapanga yake, kwenye mapezi ya kupozea na kwenye vumbi. Chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi ya isopropili, ukipitishe mara moja tu juu ya panga la feni. Pamba itatoka kahawia, inanata vidoleni. Utando huo ndio harufu yenyewe, na usipoutoa, unachofanya ni kunukiza uchafu.

Kabla ya kugusa bisibisi, chomoa waya ukutani na utoe betri kama inatoka. Kuna vitu ambavyo tunakusihi usivifungue kabisa: pawa saplai (kisanduku kinachoipa kompyuta umeme), oveni ya maikrowevu na televisheni ya kichogo. Kapasita zake, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Hivyo mwachie fundi.

Vingine vinasafishika. Anza na vumbi likiwa kavu, nje ya nyumba, kwa brashi laini au kwa kupuliza hewa, huku umeishika feni isizunguke. Ukianza na maji, vumbi litageuka tope. Ganda la plastiki lifute kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ukikazania matundu ya hewa na pembeni mwa vitufe. Kwa ndani tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa kuwa iliyo hafifu ina maji mengi. Usiipake kwenye kioo cha skrini, mpira wala plastiki angavu kama akriliki, ambayo huweza kupasuka nyufa. Alkoholi hiyo inashika moto upesi, kwa hiyo fanyia kazi penye hewa, mbali na moto, na usiwashe kifaa mpaka kikauke kabisa. Vaa glavu, maana nikotini hupenya ngozi, na watoto wakae mbali.

Sifongo za kuchujia hewa zioshe au uzibadilishe. Spika ni ngumu zaidi, kwa sababu kitambaa na mbao hunywa moshi. Mara nyingi kitambaa hakina dawa ila kukibadilisha.

Harufu iliyosalia baada ya hapo, weka kifaa kwenye kasha lenye mfuniko pamoja na bakuli la mkaa ulioamilishwa, yaani uliotengenezwa maalumu kunyonya harufu, kwa siku kadhaa. Mkaa ubaki ndani ya bakuli, usiumwage juu ya kifaa. Mashine za ozoni, zinazotoa gesi ya kuondolea harufu, tunazikataa: gesi hiyo hudhuru mapafu na huozesha mpira. Kuanika juani nako hufanya plastiki iwe ya manjano.

Jambo moja linatutia wasiwasi kuliko yote. Si kila moshi ni wa sigara. Nyumba ikiungua, nyaya zenye plastiki ya PVC hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, nayo ikikutana na unyevu huwa asidi inayokula shaba. Ukifungua kifaa ukakuta masizi meusi, au madoa ya kijani kwenye bodi ya saketi, usikiwashe hata kwa kujaribu. Vivyo hivyo kikinuka plastiki iliyoungua kila kinapowaka: hiyo ni hitilafu iliyo hai, na dawa yake ni kuchomoa waya na kumpelekea fundi.