Pri-medi ni nini? Maandalizi ya kuomba vyuo vya taaluma za afya Marekani

Marekani ina programu chache tu zinazomtoa mwanafunzi sekondari na kumpa nafasi ya udaktari papo hapo. Wengi husoma kwanza shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka 4, ndipo waombe chuo cha udaktari. Chuo cha udaktari cha Johns Hopkins, kilipofunguliwa mwaka 1893, kilidai mwombaji awe na shahada tayari, na ripoti ya mtaalamu wa elimu Abraham Flexner ya mwaka 1910 ikavisukuma vyuo vingine vidai masomo ya chuo kikuu na sayansi ya maabara kabla ya kumpokea mtu. Miaka hiyo ya kati, pamoja na kazi yote ya kumwandaa mwanafunzi ili ombi lake lisimame, ndiyo inayoitwa pri-medi. Ikijumuisha meno, mifugo, ufamasia, macho, fiziotherapia na nyinginezo, huitwa pri-helthi.

Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba kwa kawaida pri-medi si shahada. Ni mpangilio wa masomo, kazi na tarehe unaopita ndani ya shahada yoyote unayosoma. Mwanafunzi wa historia au wa muziki anaweza kuwa pri-medi, na chuo cha udaktari hakimwongezi mtu alama kwa sababu amesoma biolojia. Kinachoangaliwa ni kama masomo ya lazima yamekamilika. Orodha hutofautiana kidogo kati ya chuo na chuo, lakini kiini chake ni mwaka mmoja wa biolojia, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ya kaboni, ile iitwayo oganiki, na mwaka wa fizikia, vyote pamoja na maabara. Ongeza muhula wa baiokemia, uandishi wa Kiingereza, takwimu, na mara nyingi saikolojia na sosholojia.

Mpangilio huu una hesabu yake, na hapo ndipo wengi hukwama bila kujua. Kemia ya jumla ni mihula 2, oganiki mihula 2, baiokemia muhula 1, na huwezi kuruka hatua. Hiyo ni mihula 5 mfululizo. Anayeanza kemia muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza humaliza baiokemia katikati ya mwaka wa tatu, akafanya MCAT, mtihani wa kuombea chuo cha udaktari, kabla ya kiangazi, akatuma ombi Juni na kuingia chuo cha udaktari mara baada ya kuhitimu. Anayeanza kemia mwaka wa pili hufika baiokemia mwaka wa nne. Huyo ataomba akiwa amehitimu, na kati ya kuhitimu na kuanza udaktari kutakuwa na mwaka mzima. Hakuna ubaya wowote katika hilo, na Wamarekani wengi hufanya hivyo kwa kupenda. Ubaya ni kuubana mpangilio: oganiki, fizikia na maabara zake zote katika muhula mmoja, huku mtu anafanya kazi saa 20 kwa wiki, ili tu "asichelewe". Matokeo yake huonekana kwenye GPA, yaani wastani wa alama za chuo kwa kipimo cha hadi 4.0, na GPA haifutiki.

Hapa inafaa kutulia. Vyuo vingi vya MD, shahada ya kawaida ya udaktari, huombwa kupitia mfumo mmoja wa AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari, unaoitwa AMCAS. Mfumo huu haukubali GPA iliyopigwa na chuo chako. Hupiga yake upya, ukichukua kila somo ulilosoma katika kila chuo tangu ulipomaliza sekondari, na hata masomo ya chuo uliyoyachukua ukiwa bado sekondari. Hutoa pia GPA ya pekee ya biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Chukua mwanafunzi aliyepata D kwenye oganiki ya krediti 4 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo), akarudia na kupata A. Chuo chake huenda kimeifuta D na kinamwonyesha 4.0 kwenye somo hilo. AMCAS huhesabu zote mbili, D kwa pointi 1 na A kwa pointi 4 kila krediti: pointi 4 na pointi 16, jumla 20, gawanya kwa krediti 8, unapata 2.5. Mwanafunzi ambaye hajaambiwa hili hujikuta anaomba na GPA asiyoitambua.

Hesabu nyingine ambayo kila mshauri anapaswa kuifanya na mwanafunzi wake mapema: mtu mwenye GPA ya 2.8 baada ya krediti 60, akipata A tupu kwenye krediti 60 zilizobaki, atahitimu na 3.4. Mwaka 2023, wastani wa walioingia vyuo vya MD ulikuwa takriban 3.8. Hii haimaanishi mlango umefungwa, kwa kuwa kamati husoma pia mwelekeo wa alama, na mihula minne ya A baada ya mwanzo mbaya inaeleza jambo. Inamaanisha kwamba anayeyumba muhula wa kwanza apunguze mzigo muhula wa pili, asiongeze. Somo lililoachwa kwa utaratibu mapema, likaonekana kama W (alama ya kujitoa) kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo, lina madhara madogo kuliko F ya kufeli. W nyingi, lakini, huanza kuuliziwa.

MCAT wenyewe ni mtihani wa kompyuta wenye sehemu nne: kemia na fizikia za mwili, usomaji na uchambuzi wa matini, biolojia na baiokemia, kisha saikolojia na jamii. Maswali ni 230, na siku hiyo mtu hukaa kituoni karibu saa 7 na nusu pamoja na mapumziko. Kila sehemu hutoa alama 118 hadi 132, jumla 472 hadi 528, na katikati ni 500. Walioingia mwaka 2023 walikuwa na wastani wa karibu 512. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali tupu. Unaruhusiwa kuufanya mara 3 kwa mwaka, mara 4 ndani ya miaka miwili mfululizo, na mara 7 maisha yote. Hata ukiuanza na kuubatilisha, au usipotokea, umeshatumia nafasi moja.

Kosa la kawaida ni kuufanya "kujaribu". Alama zote zilizotolewa huonekana na vyuo, na 494 ya kujaribu itakaa pembeni ya 510 ya kweli. Kipimo ni mitihani kamili ya mazoezi ya AAMC, ukikaa nayo kwa saa zake zote. Kama alama zako kwenye mitihani kadhaa ya mwisho hazijafika pale unapotaka, ahirisha. Na sehemu ya usomaji haina cha kukariri. Anayesoma sayansi peke yake miaka mitatu, kisha akaamka miezi miwili kabla ya mtihani, huona sehemu nyingine zinapanda na hii imegoma. Hasa kwa mwanafunzi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, dawa ni kusoma matini ndefu za falsafa, sanaa na historia tangu mwaka wa kwanza.

Alama huchuja, ila hazitoshi. Mwaka huohuo wa 2023 waombaji wa MD walizidi 52,000 na walioingia walikuwa karibu 23,000, na miongoni mwa walioachwa wamo wenye alama nzuri kabisa. Kamati inataka ushahidi kwamba mwombaji anaijua kazi anayoiomba. Kumfuata daktari na kumtazama akifanya kazi ni jambo moja. Kumgusa mgonjwa ni jambo jingine. Saa 40 au 50 za kutazama, kwa madaktari wa aina mbili au tatu, akiwemo wa huduma za msingi, huonyesha umetazama. Kisha unatakiwa kuwa karibu na wagonjwa wewe mwenyewe, kama msaidizi wa muuguzi, mhudumu wa gari la wagonjwa, mwandishi wa kumbukumbu za daktari, mkalimani au mtu wa kujitolea hospisi, mahali pa kuwahudumia wagonjwa wa siku za mwisho. Saa nne kila wiki kwa miaka miwili zina uzito kuliko saa 400 zilizobanwa kiangazi kimoja kabla ya kuomba, maana kamati huona tarehe. Utafiti ni muhimu zaidi kwa vyuo vinavyojitambulisha kwa utafiti, na ni sharti hasa kwa anayeomba MD pamoja na PhD, shahada ya uzamivu.

Kuna kosa moja ambalo sisi wasomaji wa Kiswahili tunalielewa kuliko wengi. Mwanafunzi anasafiri wiki mbili kwenda hospitali ya nchi maskini, anaruhusiwa kushona jeraha au kuzalisha, halafu anaandika jambo hilo kwa fahari. Kamati haioni ujasiri. Inaona mtu asiye na sifa aliyemfanyia mgonjwa kitu ambacho kwao asingeruhusiwa, na AAMC imetoa mwongozo unaoonya juu ya hili. Mgonjwa yule alistahili mhudumu aliyefunzwa. Kama hukuruhusiwa kukifanya nyumbani, usikifanye ugenini.

Ndani ya AMCAS unapewa nafasi 15 za shughuli, kila moja herufi 700 pamoja na nafasi za kati, na unaweza kuteua 3 zilizokujenga zaidi uzieleze kwa herufi 1,325 za ziada. Wengi huzipoteza herufi 700 kwa kueleza shirika lilianzishwa lini na lina malengo gani. Andika ulichofanya kwa mikono yako. "Nilisaidia wagonjwa" ni maneno matupu. "Niliwapima shinikizo la damu wagonjwa 15 hivi kila zamu na kumwita muuguzi likizidi kiwango, nilijifunza kuuliza kwanza kama wamekula dawa" inamwonyesha mtu kazini. Insha binafsi ina herufi 5,300, na inajibu swali moja: kwa nini udaktari, si uuguzi, si utafiti, si ualimu. Insha inayoweza kusainiwa na mtu wa fani nyingine bila kubadilisha kitu haijakamilika.

Barua za mapendekezo huombwa mapema, zikiwemo mbili za walimu wa sayansi waliokufundisha na moja ya mwalimu wa nje ya sayansi. Vyuo vingine vina kamati ya pri-helthi inayoandika barua moja ya pamoja. Kama chuo chako kinayo na hukuitumia, vyuo vya udaktari vinaweza kuuliza sababu. Mwulize mwalimu kama anaweza kukuandikia barua *nzuri*. Akisita, mshukuru utafute mwingine. Barua vuguvugu huharibu kimyakimya, nawe hutaiona kamwe ukishasaini kuacha haki ya kuisoma, jambo ambalo unashauriwa kulifanya.

Sasa kalenda. AMCAS hufunguliwa mwanzoni mwa Mei na kuanza kupokea maombi mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Baada ya kutuma, wahakiki hulinganisha kila somo uliloandika na transkripti rasmi, na wakati wa msongamano kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Transkripti moja ikikosekana, hata ya somo moja ulilochukua chuo cha jamii ukiwa sekondari, faili lote linasimama. Likihakikiwa, vyuo hukutumia maswali yao ya pili, yaani insha za ziada za chuo chenyewe, kila kimoja na ada yake, na desturi ni kuyarudisha ndani ya wiki mbili. Usaili huanza mwishoni mwa kiangazi na kuendelea hadi majira ya kuchipua. Vyuo vingi huwaita watu kadiri mafaili yanavyokamilika, kwa hiyo faili la Oktoba linagombea viti vilivyobaki. Hata hivyo, kuwahi na faili bovu ni vibaya zaidi. Huu ndio ushauri mgumu kuliko yote ambao mshauri hutoa: subiri mwaka mmoja. Anayesikia hivyo akiwa na MCAT isiyo tayari na saa 30 tu za wagonjwa anaokolewa fedha nyingi, pamoja na alama ya kuwa mwombaji wa kurudia.

Fani nyingine zina mifumo yao. Udaktari wa ostiopathi, DO, ambao nao ni shahada kamili ya udaktari, hupitia AACOMAS kwa MCAT uleule, na vyuo vya umma vya Texas hupitia TMDSAS. Meno hutumia AADSAS na mtihani wa DAT, ambao tangu Machi 2025 hutolewa kwa alama 200 hadi 600 badala ya 1 hadi 30 za zamani, basi usilinganishe alama yako na majedwali ya miaka ya nyuma. Una pia sehemu ya kutambua maumbo, ambayo haifundishwi darasani. Mtihani wa ufamasia, PCAT, ulifutwa mwanzoni mwa 2024, na vyuo vingi vya ufamasia hupokea mtu aliyemaliza masomo ya lazima bila shahada. Programu za wasaidizi wa madaktari hudai saa nyingi za kumhudumia mgonjwa, mara nyingi kuanzia 500 na kuendelea hadi elfu kadhaa, na kwa nyingi kati yake kutazama tu hakuhesabiwi.

Kwa mwanafunzi asiye raia wala mkazi wa kudumu, orodha ya vyuo ni fupi kabla hata hajafungua fomu. Vyuo vingi vya MD havipokei wanafunzi wa kimataifa, na baadhi ya vinavyopokea hudai uthibitisho wa ada ya miaka yote minne, au fedha zenyewe ziwekwe kando. Mwenye shahada ya nje hukuta kwamba AMCAS haihakiki alama za chuo cha nje, na vyuo vingi hutaka masomo ya sayansi yasomwe Marekani au Kanada. Masharti ya kila chuo yamo kwenye hifadhidata ya AAMC iitwayo MSAR. Yasome kabla ya kulipia ombi la kwanza, kisha uandikie ofisi ya udahili ya kila chuo uthibitishe kwa maandishi, kwa kuwa masharti haya hubadilika kati ya msimu na msimu.